DAWA YA KALIBU NA GUNDI: UCHAFU USIOONEKANA KATIKA KAZI YA NYUZI ZA KABONI

(Maneno haya yalisemwa na fundi mmoja wa kalibu mbele ya wanachama katika darasa la jioni. Tunayapiga chapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria, na kwa wale walioomba kuyasoma tena polepole. Yafaa nakala moja ibandikwe ukutani katika kila karakana.)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo wengi wetu hulidharau kwa sababu halionekani kwa macho. Jambo hilo ni dawa tunayopaka ndani ya kalibu ili kipande kisigande, na namna dawa hiyo inavyoharibu kazi yote ikipita mahali pake. Sitasema kwa maneno ya shuleni. Nitasema kama fundi anavyosema na fundi mwenzake, na asiyeelewa aniulize mwisho.

Lakini kwanza nieleze kazi yenyewe, maana humu ndani wamo wenzetu wa rangi, wa mbao na wa mabati ambao hawajaishika.

KAZI YENYEWE

Nyuzi za kaboni ni nyuzi nyeusi, nyembamba sana. Unene wa uzi mmoja ni kama sehemu 7 katika sehemu 1,000 za milimita moja, yaani unywele wa mtu ni mnene kuliko huo mara nyingi. Mwaka 1958 Roger Bacon, mtaalamu wa Marekani, alionyesha nguvu za nyuzi za namna hii, na katika miaka ya 1960 wataalamu wa Japani na wa Farnborough katika Uingereza wakapata njia ya kuzitengeneza kwa kuchoma nyuzi za akriliki, jamaa ya zile za sweta tunazovaa wakati wa baridi.

Nyuzi hizo hufumwa zikawa kitambaa. Kitambaa hulazwa ndani ya kalibu, tabaka juu ya tabaka, kikalowa resini iliyochanganywa na hadina. Resini ikikauka, kitambaa na resini huwa kitu kimoja, chepesi na kigumu. Yeyote aliyefanya kazi ya faibagilasi anaijua kazi hii tayari. Tofauti ni kwamba mahali pa nyuzi za kioo pamewekwa nyuzi za kaboni.

Kwetu Kenya mikono mingi bado iko katika faibagilasi: mashua, matangi, bodi za magari. Lakini kaboni imekwisha fika. Ndege aina ya Boeing 787, ambayo Kenya Airways ilipokea ya kwanza mwezi wa Aprili 2014, karibu nusu ya uzito wake ni vitu vya namna hii. Miguu ya bandia ya wakimbiaji ni ya kaboni, na baiskeli za mashindano vilevile. Kijana anayejifunza faibagilasi leo atakutana na kaboni kesho. Sheria ya dawa ya kalibu ni ileile kwa zote mbili, ila kaboni ni ghali zaidi, na mara nyingi huwekwa mahali ambapo uhai wa mtu unaitegemea.

DAWA NI RAFIKI, TENA NI ADUI

Resini ni gundi. Hushika kila kitu, na kalibu vilevile. Usipopaka dawa, kipande na kalibu vitakuwa kitu kimoja, na utavunja kimoja ili upate kingine. Kwa hiyo tunapaka dawa, kama vile mama apakavyo samli katika sinia ili mkate utoke mzima.

Dawa hizi ziko za namna nyingi, lakini tunazozikuta kazini ni nne.

Ya kwanza ni nta. Iliyo bora hutoka katika majani ya mnazi wa porini wa Brazili uitwao karnauba. Hupakwa nyembamba, huachwa ikauke kidogo, kisha husuguliwa kwa kitambaa mpaka ing'ae. Nta hiyo huyeyuka joto likipita kidogo nyuzi 80 za Selsiasi. Basi inafaa kwa kazi inayokauka kwa joto la kawaida, lakini kwa kazi ya tanuri la nyuzi 120 au 180 haifai, kwa kuwa itayeyuka na kuingia katika kipande.

Ya pili ni ile dawa ya majimaji, mara nyingi ya kijani au buluu, iitwayo kwa kifupi PVA. Hukauka ikawa ngozi nyembamba, na uzuri wake ni kwamba huoshwa kwa maji.

Ya tatu ni dawa ya kudumu kidogo. Hii hujishikiza katika kalibu yenyewe, ukaweza kutoa vipande kadha wa kadha kabla ya kupaka tena. Huhitaji mipako kadhaa katika kalibu mpya, na kati ya mpako na mpako imetupasa kungoja, na baada ya mpako wa mwisho kungoja tena mpaka ikauke kabisa. Muda umeandikwa katika karatasi ya mtengenezaji.

Ya nne ni silikoni ya kupuliza kutoka kwenye kopo. Juu ya hii nitasema zaidi, maana ndiyo mbaya kuliko zote.

Sasa sikilizeni uadui wake. Kazi ya dawa ni kuzuia kitu kisishike kitu. Dawa haina akili ya kujua ya kwamba unataka kipande kiachane na kalibu, lakini hutaki kishikizo ulichokigundisha kesho yake kiachane na kipande. Itaviachisha vyote. Na kila kipande kinapotoka katika kalibu, hutoka na dawa kidogo usoni pake. Kipande hicho kikiwa ni cha kutumika peke yake, hakuna neno. Lakini vipande vingi havikai peke yake: huunganishwa na vingine kwa gundi, au hupakwa rangi. Hapo ndipo shida inapoanza.

MFANO WA KIRAKA CHA BAISKELI

Yupo mtu asiyejua kuziba pancha ya baiskeli? Fundi husugua tyubu kwa msasa, huipangusa, haigusi tena kwa kidole, hupaka solusheni, hungoja ikauke kidogo, kisha huweka kiraka na kukigandamiza. Kwa nini husugua? Wengi husema ni ili mpira upate kukwaruza. Ni kweli, lakini sababu nyingine ni hii: tyubu nayo ilitengenezwa katika kalibu, na kalibu hiyo ilikuwa na dawa, na dawa hiyo bado iko juu ya mpira. Kiraka kilichowekwa bila msasa hubanduka kabla hujafika sokoni. Basi kazi yetu ya kaboni ni kiraka cha baiskeli kilichokuzwa.

Sababu yake ni rahisi. Gundi ili ishike lazima kwanza ienee na kulowesha, ifike kila mahali. Mwaga maji juu ya jani la nduma: maji hujikunja yakawa shanga na kuteleza. Mwaga juu ya kipande cha ubao mkavu: maji hutandaa. Uso wenye silikoni au nta ni kama jani la nduma. Gundi hukaa juu yake, ikauke, iwe ngumu kabisa, lakini haikushika.

HAKUNA CHOMBO CHA KUIONA

Mtu atasema, tutakagua baadaye. Ndugu zangu, hapa ndipo pagumu. Ukigonga kipande kwa sarafu, sikio hutambua mahali palipo na uwazi, maana sauti huwa nzito. Mashine za mawimbi ya sauti hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Lakini gundi iliyogusana na kipande pasipo uwazi, ijapokuwa haikushika, husikika nzima. Mashine huonyesha kama gundi ipo. Nguvu ya mshiko wake haionyeshi.

Mwaka 2009 idara ya Marekani ya usalama wa ndege, FAA, ilitoa waraka uitwao AC 20-107B juu ya vitu vya namna hii. Kwa kiungo cha gundi ambacho kikiachia ndege itapotea, umezitaja njia tatu: ama ndege iundwe hata gundi ikiachia ufa usienee kupita kiasi, ama kila kipande kijaribiwe kwa mzigo, ama pawe na ukaguzi wa kuaminika unaoonyesha nguvu ya kila kiungo. Hiyo njia ya tatu ndiyo ambayo mafundi wa dunia nzima bado wanaitafuta. Kwa sababu hiyo utaona misumari ya ribiti au boliti hata mahali penye gundi nzuri.

Tena msidhani ya kwamba jambo hili ni la karakana ndogo peke yake. Mwishoni mwa mwaka 2021 magazeti ya Marekani yalitoa habari za waraka wa FAA uliosema kwamba baadhi ya sehemu za kaboni za Boeing 787 zilipata uchafu wakati wa kutengenezwa, masalio ya plastiki ya jamii ya Teflon, ambayo hupunguza nguvu ya gundi. Kama jambo hili laweza kuingia katika viwanda vyenye vyumba safi na wahandisi mamia kwa mamia, sembuse sisi wenye feni moja na mlango wazi?

Kwa hiyo usalama wa kiungo cha gundi hauko katika ukaguzi wa mwisho. Uko katika mikono ya yule anayesafisha kabla ya kugundisha. Mtu huyo mara nyingi ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote katika karakana.

NJIA UCHAFU UNAMOPITA

Nimezihesabu njia hizi kwa miaka mingi, nazo ni hizi:

1. Dawa iliyozidi. Fundi hufikiri kingi ni kizuri. Nta isiyosuguliwa vizuri, au dawa iliyojikusanya katika pembe za kalibu, huhamia katika kipande.

2. Dawa mbichi. Dawa ya kudumu kidogo isipongojwa mpaka ikauke, tabaka la kwanza la kitambaa huinywa. Haraka haraka haina baraka.

3. Hewa. Silikoni ya kupuliza husafiri. Ukipuliza huku, na feni iko kule, matone yasiyoonekana hutua juu ya meza, juu ya kitambaa kilichokatwa, juu ya kipande kilichokwisha safishwa. Wenzetu wa rangi wanaijua: ndiyo yale madoa ya duara yaitwayo macho ya samaki, rangi inapokimbia uso.

4. Mikono na glavu. Aliyepaka dawa kisha akashika kitambaa cha kaboni kwa glavu zilezile amekwisha kuharibu. Na mafuta ya kujipaka mikononi, mengi yana silikoni. Yakae nyumbani, au yanunuliwe yale yasiyo nayo.

5. Matambara. Tambara la kupaka nta likitumika kupangusa kipande, ni kama kuosha vyombo kwa maji machafu. Hata nguo iliyofuliwa kwa dawa ya kulainisha huacha utando.

6. Hewa ya kompresa. Kompresa kuukuu hutema mafuta. Ukipuliza vumbi kwa hewa hiyo, umepaka mafuta mahali ulipotaka pawe safi.

7. Kitambaa cha kubandua. Hiki ni kile kitambaa cha nailoni au poliesta tunacholaza juu ya tabaka la mwisho ili tukikibandua uso uwe na mikwaruzo. Ni kitu kizuri. Lakini viko vya namna mbili: vingine ni vitupu, na vingine vimepakwa dawa ili vibanduke kwa urahisi. Vile vilivyopakwa huacha dawa yake juu ya uso. Kwa macho vyote huweza kufanana. Soma maandishi ya robota kabla ya kukata.

UTARATIBU WA KUSAFISHA

Sasa nije katika kazi yenyewe. Utaratibu huu si mrefu, lakini usiruke hatua hata moja, wala usigeuze mpangilio.

Hatua ya kwanza: kama dawa ilikuwa ile ya majimaji, PVA, osha kipande kwa maji ya vuguvugu mpaka ngozi yote itoke, kisha kikaushe.

Hatua ya pili: pangusa kwa asetoni au dawa nyingine iliyoruhusiwa na mtengenezaji wa gundi. Tumia vitambaa viwili. Kimoja kimelowa, kingine ni kikavu. Cha kwanza hulainisha uchafu, cha pili huuondoa kabla asetoni haijakauka. Anayetumia kitambaa kimoja na kuacha asetoni ikauke yenyewe ameutandaza uchafu tu, akausambaza sawasawa. Geuza kitambaa kila mara, na kikichafuka kitupe. Usichovye kitambaa kilichotumika katika kopo la asetoni. Mimina asetoni juu ya kitambaa.

Hatua ya tatu: piga msasa. Angalieni ya kwamba msasa unakuja baada ya kupangusa. Watu wengi huanza na msasa, na hilo ni kosa kubwa, kwa sababu msasa huichukua ile nta na kuisukuma ndani ya mikwaruzo, ambamo huwezi kuifikia tena. Piga mpaka mng'ao wote uondoke, lakini usifike kwenye nyuzi. Ukikata nyuzi umekata nguvu ya kipande. Badili msasa mara kwa mara. Hata kama palikuwa na kitambaa cha kubandua, piga msasa mwepesi.

Hatua ya nne: ondoa vumbi kwa mashine ya kufyonza, kisha pangusa tena kwa vitambaa viwili vipya, mpaka kitambaa cheupe kibaki cheupe.

Hatua ya tano: jaribu kwa maji. Chukua maji safi yasiyo na chumvi, kama yale yanayouzwa kwa kuongezea betri za magari (si asidi, jamani). Nyunyiza juu ya uso na utazame kwa nusu dakika. Maji yakitandaa kama karatasi moja, uso ni safi. Yakikatika na kujikunja shanga shanga, dawa bado ipo. Rudi hatua ya pili. Jihadhari na sabuni: sabuni iliyobaki hufanya maji yatandae hata juu ya uchafu, ikakudanganya. Baada ya jaribio, kausha kipande kabisa, maana gundi haipendi maji.

Hatua ya sita: gundisha mara moja. Usiache mpaka kesho. Uso safi hauguswi kwa mkono mtupu, na kama lazima ungoje, ufunike kwa karatasi safi isiyo na nta.

Juu ya silikoni nina neno moja tu: isiingie karakanani. Asetoni haiimalizi, huitawanya tu. Pasiwe na kopo lake juu ya rafu, wala polishi ya dashibodi ya gari la tajiri, wala grisi yake katika sanduku la vifaa. Mwenye kazi isiyoweza kufanyika bila silikoni aifanyie nyumba nyingine, yenye mlango mwingine na nguo nyingine.

VIPANDE VYA USHAHIDI

Kila siku ya kugundisha, tengeneza vipande viwili vyembamba vya kaboni ileile, kutoka kalibu ileile, vilivyosafishwa kwa mkono uleule, na kugundishwa kwa gundi ya kopo lilelile. Ikikauka, vitenganishe kwa patasi, utazame uso uliovunjika.

Ukiona gundi imebaki pande zote mbili, imepasuka katikati yake, au imeng'oa nyuzi, kazi ni nzuri. Ukiona upande mmoja una gundi yote na wa pili ni mtupu, laini, unang'aa, kama sahani iliyorambwa, basi gundi haikushika. Uso ulikuwa na uchafu. Na kazi yote ya siku ile imetiliwa shaka.

Tena weka daftari. Andika nambari ya kalibu, jina la dawa, nambari ya kopo, mipako mingapi, saa ya kupaka na saa ya kulaza kitambaa, joto la siku, na nani alisafisha. Andika hata kama hakuna aliyekuagiza.

GUNDI NI SHAHIDI

Kwa nini nawahimiza mweke daftari na vipande? Nitawaambia habari moja niliyoiona. Palikuwa na karakana moja, sitaitaja. Walitengeneza paneli, na ndani yake wakagundisha vishikizo vya kubebea nyaya. Baada ya wiki tatu vishikizo vikaanza kudondoka mmoja baada ya mwingine. Kijana aliyegundisha aliitwa mbele ya nyapara akaambiwa, "Umekosea kipimo cha hadina." Akakatwa mshahara. Kijana hakuwa na la kusema, kwa sababu hakuwa na neno la kujitetea nalo.

Mjumbe wa chama kazini akaomba vishikizo vile viletwe mezani. Akachukua kimoja, akabonyeza gundi kwa ukucha. Ilikuwa ngumu kama jiwe. Akauliza, "Hadina ikipungua, gundi huwaje?" Wote wakajibu, huwa laini, hunata. Basi hii haikupungukiwa hadina. Akageuza kishikizo: upande wa paneli gundi ilikuwa laini, inang'aa, imechukua sura ya uso wa paneli kama muhuri. Maana yake gundi ilifika, ikakauka vizuri, lakini haikushika. Akaomba daftari la kalibu. Katika daftari ilionekana ya kwamba siku zile dawa ya kawaida ilikwisha katika stoo, ikanunuliwa silikoni ya kopo kutoka duka la vifaa vya magari, kwa kuwa ni rahisi. Na muda wa kupiga msasa ulikuwa umefupishwa ili mzigo utoke Ijumaa.

Kijana alirudishiwa fedha zake. Hakupigania kwa makelele wala kwa kugoma. Alitetewa na gundi yenyewe na daftari. Ndugu zangu, fundi anayejua kusoma gundi iliyovunjika haonewi kwa urahisi.

SHERIA INASEMAJE

Yafaa mjue pia mambo manne ya sheria zetu za Kenya.

La kwanza, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya mali iliyoharibika pale tu ambapo uharibifu umetokana na kosa la kusudi la mfanya kazi, tena kwa kiasi cha haki. Kishikizo kilichodondoka kwa sababu ya dawa iliyonunuliwa na stoo si kosa la kusudi la aliyegundisha.

La pili, kifungu cha 41 cha sheria hiyohiyo husema kwamba kabla ya mtu kufukuzwa kwa kosa la mwenendo au kwa kazi mbovu, lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na asikilizwe, akiwa na mfanya kazi mwenzake au mwakilishi wa chama kazini.

La tatu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri awe na karatasi ya maelezo ya usalama kwa kila dawa yenye hatari, na wafanya kazi waweze kuisoma. Karatasi hiyo huweza kukuambia kama kopo lina silikoni. Ombeni karatasi hiyo kabla kopo halijafunguliwa.

La nne, mahali panapofanya kazi watu 20 au zaidi sheria hiyo hutaka pawe na kamati ya usalama. Kamati hiyo ndiyo mahali pa kuuliza habari za feni, za glavu na za kichujio cha kompresa.

AFYA YENU

Mambo yanayolinda kipande hulinda na mwili pia. Glavu za nitrili huzuia mafuta ya mkono yasifike kwenye kipande, tena huzuia resini isifike kwenye mkono. Resini ya epoksi ikizoeana na ngozi vibaya, mtu hupata upele unaorudi kila aigusapo, na wengine hulazimika kuiacha kazi kabisa. Usioshe mikono kwa asetoni; hukausha ngozi na kuifungulia resini mlango. Asetoni hushika moto hata kukiwa baridi, kwa hiyo pasiwe na sigara wala cheche, na matambara yaliyotumika yatiwe katika debe la chuma lenye kifuniko. Vumbi la kaboni huwasha ngozi na koo, tena hupitisha umeme, likaweza kuunguza mashine na swichi. Vaa barakoa ifaayo, tumia mashine ya kufyonza vumbi, na usipulize vumbi kwa kompresa.

MANENO YA MWISHO

Nimesema mengi, lakini yote yako katika neno moja: dawa ikae katika kalibu, isifike penye gundi. Wanaopaka dawa na wanaogundisha wasichangie meza, wala matambara, wala glavu. Pangusa kwanza, ndipo msasa, ndipo upanguse tena. Jaribu kwa maji. Vunja kipande cha ushahidi. Andika katika daftari.

Na kwa wasimamizi watakaosoma maneno haya: muda wa kusafisha ni sehemu ya kazi, si uvivu. Nusu saa ya kupangusa iliyofutwa ili mzigo utoke mapema hurudi baada ya wiki tatu ikiwa na bei yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mkutano ujao nitaleta vipande vilivyogundishwa, vingine kwa uso safi na vingine kwa uso wenye nta, tuvivunje hapa mezani kila mtu ajionee. Anayeweza kuleta vishikizo vilivyodondoka kazini kwake avilete, tuvisome pamoja.